Betri ni Ghala, Si Mto

Alalaye Koni hulala na sauti ya maji. Hapo mto Lufira hushuka kwa nguvu, na hapo ndipo kilipojengwa kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1950. Juu yake kidogo, penye maporomoko ya Mwadingusha, kituo kingine kilikuwa kimekwisha kuanza tangu mwaka 1930. Vyote viwili vilijengwa kwa ajili ya machimbo na viwanda vya shaba. Mitambo ya Koni iliundwa itoe megawati 42, yaani wati milioni arobaini na mbili. Nyaya za umeme huo zapita juu ya vichwa vyetu, zaenda zake mbali. Walakini katika nyumba nyingi za vijijini taa ya jioni ni kibatari, au tochi, au betri ya gari.

Mimi ni mmoja wa wenye betri. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza kuitunza, maana nilijifunza kwa aibu.

Wajua kwamba mshahara wa mwalimu huisha kabla ya mwezi. Basi miaka kadhaa iliyopita mimi na shemeji yangu tulinunua basi dogo kuukuu, la mafuta ya dizeli. Siku za likizo tulikuwa tukienda kwenye ziwa la Tshangalele, lile lililozaliwa na boma la Mwadingusha, tukawachukua akina mama na vikapu vyao vya samaki mpaka sokoni Likasi. Wakati wa mvua njia hugeuka tope, na mara nyingi tulilazimika kulala huko huko. Kwa hiyo tuling'oa viti vya nyuma, tukatengeneza kitanda cha mbao, tukafunga taa mbili, redio, friji ndogo, na inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa nyumbani. Gari likawa nyumba yenye magurudumu.

Nilijivuna sana. Tulipofika ziwani wavuvi walikuja na simu zao, nami niliwajazia kwa malipo kidogo. Kila kitu kilikuwa kikinyonya betri moja tu, ile ile ya kuwashia mota. Sikuona ubaya. Jioni taa ziliwaka. Asubuhi mota iliwaka. Nikafikiri kwamba mambo yatakuwa hivyo sikuzote.

Usiku mmoja wa Februari tulikuwa hapo ziwani tangu asubuhi. Friji ilikuwa ikiunguruma mchana kutwa. Simu kumi zilikuwa zimejazwa. Redio ilitangaza mpira, na vijana walilizunguka gari mpaka saa nne usiku. Kisha tukalala. Yapata saa saba nikasikia mlango ukigongwa kwa nguvu.

"Hodi, Mwalimu! Hodi! Mtoto wangu anapotea!"

Alikuwa mama mmoja wa kijiji kile, mikononi amemshika mtoto wa miaka mitatu, mwili wake moto kama jiko, naye akishtuka-shtuka kwa degedege. Nikaruka penye usukani, nikageuza ufunguo. Tak. Nikageuza tena. Tak, tak. Taa ndogo mbele yangu ikafifia, ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha.

Tukawaamsha wanaume walisukume. Gari likakwama topeni. Tukaweka matawi chini ya magurudumu, tukasukuma, likasogea kidogo, likakwama tena. Ilitupasa kulifikisha penye mteremko, na safari ile fupi ilitumaliza karibu saa nzima. Nilikuwa nimewafundisha watoto shuleni ule mfano wa wanawali watano waliokosa mafuta ya taa usiku wa manane. Na sasa nilikuwa mmoja wao, nikiwa nimezamisha miguu yangu katika tope. Hatimaye mota ikashika. Njia nzima yule mama hakusema neno.

Mtoto aliokoka. Mwuguzi aliyempokea aliniambia tu kwamba tulikuwa tumechelewa mno, na kwamba isingefaa kuchelewa zaidi. Yule mama akanishukuru kwa mikono miwili. Shukrani zake ziliniumiza kuliko matusi, kwa sababu hakujua ni nini kilichoila ile saa moja. Baada ya juma moja nilirudi, nikamweleza yote: redio, simu, friji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi, Mwalimu, tengeneza."

Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa magari huko Likasi. Alipofungua mahali pa betri alicheka, akasema: "Mwalimu, umempa mtumishi mmoja kazi za mabwana wawili." Akanieleza kwamba betri ya mota imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha unaiua. Kazi ya nyumba yahitaji betri ya namna nyingine, yenye sahani nene, inayotoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Tena sharti zitengwe. Kati yao huwekwa swichi inayoziunganisha mota inapozunguka, hata zote mbili zikajazwa pamoja, na kuzitenga mota inapozimwa. Hivyo, hata nyumba ikimaliza chakula chake chote, mota yabaki na chake.

Kisha nikachukua chaki, nikajifundisha mimi mwenyewe somo la hesabu ambalo ningalipaswa kulifanya mwanzoni. Nawe mwanafunzi usomaye, fanya pamoja nami. Betri ya mota yangu ilikuwa ya volti 12, ampea-saa 70. Zidisha: 840. Hizo ndizo wati-saa zote zilizomo, ikiwa betri ni mpya na imejaa. Sasa tuhesabu walaji wa mchana na usiku mmoja. Taa mbili za wati 5, saa nne: 40. Redio ya wati 5, saa nne: 20. Simu kumi, kila moja kama 12: 120. Friji ya wati 45, ikiunguruma nusu ya saa ishirini na nne: 540. Na inveta? Niliiacha imewashwa saa kumi na mbili bila kuizima, nayo hula wati 10 hata isipofanya kazi yoyote: 120 nyingine. Jumla ni 840! Nilikuwa nimepanga kula ghala lote mpaka punje ya mwisho, na betri yenyewe wala haikuwa mpya. Ni ajabu gani, basi, kwamba saa saba usiku haikuweza kuzungusha mota?

Siku hizi betri ya nyumba ni ya ampea-saa 100, yaani wati-saa 1200. Lakini sizihesabu zote. Betri ya risasi, ile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiiacha tupu siku nyingi, chembe ngumu hushika juu ya sahani zake, na tangu hapo haijai tena kama zamani. Basi kwangu mimi ghala ni 600, si 1200. Nina kipimo kidogo cha volti. Betri ikiwa imetulia, 12.7 maana yake imejaa, 12.2 ni karibu nusu, 11.9 ni kama tupu, nawe umekwisha kuchelewa.

Ghala hujazwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mota inapozunguka safarini. Njia ya pili ni jua. Juu ya gari nimefunga paneli ya wati 100. Siku ya kiangazi, mbingu ikiwa safi, naweza kutumaini wati-saa 400 kuingia betrini. Siku za mawingu ya masika ni chini ya hapo sana. Kwa hiyo nimeweka sheria: nisile kwa usiku mmoja kuliko kile ambacho kesho yaweza kurudisha. Friji huwaka gari likiwa mwendoni tu. Simu hujazwa adhuhuri, jua likiwa kali. Inveta huzimwa mara kazi yake iishapo. Zimebaki taa, redio na simu: 180. Ghala halikauki.

Jambo jingine: kila chombo kinachozaa moto ni mlafi. Jamaa mmoja alitaka kupiga pasi ya wati 1000 ndani ya gari letu. Gawanya kwa 12: ampea zaidi ya 80, ambazo waya mwembamba hauwezi kuzibeba bila kuungua. Birika la umeme ni baya zaidi. Pasi ya makaa na jiko la makaa vyatosha, lakini vitumike nje! Hewa ya sumu ya makaa ndani ya gari lililofungwa huua watu usingizini, tena bila harufu ya kuwaonya. Vivyo hivyo betri yenyewe: inapojazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Iwekwe mahali penye tundu la hewa, mbali na kiberiti. Iongezwe maji yaliyotoneshwa tu, si ya kisima. Na karibu na kichwa chake iwepo fyuzi.

Wasomaji wengine wataniuliza: kwa nini usinunue betri za kisasa za lithiamu? Ni nyepesi, na huvumilia kushushwa zaidi. Lakini bei yake ni kubwa. Tena baadhi ya hizo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu hii ya Kongo. Hutoka kwetu ikiwa mali ghafi, ikarudi ikiwa kitu ambacho mwalimu hawezi kukinunua. Ni kama zile nyaya zinazopita juu ya vichwa vyetu. Siku moja, naamini, wanafunzi wetu watalinyosha jambo hilo. Lakini anayengojea mto ufike mlangoni asiache kulinda mtungi alionao.

Nadhani hilo ndilo kosa langu la zamani. Nimekaa kando ya Lufira, nikasikia maji yakipita usiku na mchana bila kwisha, nikadhani umeme wote ni kama mto. Kumbe betri ni ghala. Halitoi ila kile kilichowekwa, na anayekula bila kupima hula hata mbegu.

Hata leo, tukilala safarini, kabla sijafumba macho nakwenda mbele ya gari na kile kipimo changu, nikaitazama betri ya mota. Shemeji yangu hunicheka. Nami namwacha acheke, maana sijui ni nani atakayebisha hodi usiku.