Gari la Kwanza Duniani Lilikuwa Tuktuk

Mmeniuliza sana inboksi: wewe na bwanako mlienda Ulaya wiki mbili, mbona hakuna picha ya Eiffel? Hatukufika Paris. Baada ya viza (euro 90 kila mtu, na ukinyimwa hairudi), pesa ilitosha kukaa kwa binamu yake Utrecht, Uholanzi, na kupanda treni hadi Stuttgart, Ujerumani. Basi.

Utrecht ni baiskeli. Chini ya stesheni kuna maegesho ya baiskeli 12,500. Na msifikiri walizaliwa hivyo. Mwaka 1971 magari yaliua zaidi ya watu 3,000 Uholanzi, zaidi ya 400 wakiwa watoto, ndipo wazazi wakaandamana kudai barabara salama.

Bwanangu anajua baiskeli tangu utotoni. Mimi, msichana wa Bulla Iftin, sikuwahi kupanda. Kwetu baiskeli ni ya wavulana. Hooyo alikuwa na sababu moja tu: abaya itashikwa na mnyororo. Na walahi, kwa baiskeli zetu ana haki. Lakini ile niliyoazimwa, Waholanzi wanaiita "baiskeli ya nyanya". Fremu imeinama chini, mnyororo umefunikwa wote, gurudumu la nyuma lina ngao ya kuzuia nguo. Kuna mtu aliketi akamfikiria mwanamke mwenye gauni refu! Siku ya nne nilikuwa napita kando ya mifereji na abaya yangu, bwanangu nyuma anapiga kelele "breki! breki!", na hakuna aliyegeuka kunitazama. Huko kutotazamwa kulinipendeza kuliko mifereji yenyewe.

Stuttgart ilikuwa ndoto yake. Huyu ni mtu anayeijua Probox kwa mlio. Makumbusho ya Mercedes-Benz unapanda lifti hadi juu kabisa, kisha unashuka kwa miguu ukizunguka, kuanzia 1886. Pale mwanzo liko gari la Carl Benz: magurudumu matatu. Nilicheka mpaka mlinzi akaniangalia. Jamani, si hii ni tuktuk?

Lakini stori ni ya mkewe, Bertha. Mahari yake iliokoa karakana ya Carl hata kabla hawajaoana (kwao mahari ilitoka kwa baba wa msichana, msishangae). Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, alichukua wanawe wawili akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 100. Hiyo ni Garissa hadi Dadaab. Mafuta alinunua duka la dawa. Bomba lilipoziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika, fundi viatu akazigongea ngozi. Alipofika ndipo akamtumia mumewe telegramu.

Bwanangu alisoma yote kimya, kisha akasema, "Basi mimi utanitumia WhatsApp."

Sasa niko Garissa na baiskeli ya mtumba. Hooyo haongei nami vizuri wiki hii. Natoka baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, Kismayu Road ikiwa na mikokoteni ya punda tu. Wavulana hunifuata wakicheka. Wasichana husimama wakaangalia.

Fundi mmoja karibu na Soko Mugdi ananikatia kifuniko cha mnyororo kutoka mtungi wa mafuta ya kupikia. Shilingi 300. Ameuliza mara mbili kama kweli ni cha mwanamke. Nimemwambia akate viwili, mdogo wangu naye ameanza kuulizia bei ya baiskeli.