Aliyemwona Mara ya Mwisho

Muulize kijana wa Yamumbi, mtaa wetu wa Eldoret, mzazi afanye nini ikiwa giza limeingia na mtoto hajarudi. Wengi watakujibu bila kusita: angoje saa 24, kisha apige ripoti. Jibu hilo halimo katika sheria yoyote ya Kenya. Mzazi anaweza kufika kituoni Langas dakika ile ile anapoingiwa na hofu, taarifa yake iandikwe, apewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na msako uanze. Saa 24 zimetoka kwenye sinema. Zilikuja na kanda za video, zikaendelea kwenye filamu zinazosimuliwa na DJ Afro, kisha kwenye misururu ya televisheni inayonakiliwa kwa flashi mjini Eldoret. Kidogo kidogo zikafuta jambo ambalo mtaa huu ulilijua bila kufundishwa: mtoto aliyepotea hutafutwa saa ile ile, na msako huanzia kwa mtu aliyemwona mara ya mwisho.

Hadithi ya kusisimua ya mtoto aliyetekwa inahitaji muda mrefu, na hapo ndipo inapotupotosha. Katika Prisoners, filamu ya Marekani ya 2013, wasichana wawili wanatoweka siku ya sikukuu. Mtazamaji anahesabu siku pamoja na mpelelezi na baba aliyechanganyikiwa, mvua inanyesha, ushahidi unakuja kwa matone, na sisi hatubanduki kitini. Ni kazi iliyoundwa kwa ustadi mkubwa, lakini saa yake si saa ya maisha. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, huko huko Marekani, ilichunguza kesi za watoto waliotekwa na kuuawa, ikachapisha matokeo 1997 na kuyarudia 2006. Ilibainika kwamba takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa wameshakufa ndani ya saa tatu. Watoto wengi wanaopotea hawatekwi na mtu, hilo lazima lisemwe ili tusitishane bure. Ila kwa yule aliyetekwa kweli, saa 24 ni muda wa maziko. Ndiyo maana naiheshimu zaidi filamu kongwe ya Kijerumani ya Fritz Lang iitwayo M, ya 1931. Polisi wanahangaika na mafaili na alama za vidole, lakini miongoni mwa wanaomtambua muuaji ni kipofu muuza baluni, aliyekumbuka mluzi wa mtu aliyenunua baluni kwa ajili ya mtoto. Lang alielewa kwamba upelelezi huanza kwa mchuuzi.

Yamumbi nayo ilikuwa na mchuuzi wake. Duka la zamani la mtaa lilikuwa na dirisha moja lenye wavu wa chuma, ubao wa kaunta uliolika kwa viwiko, na harufu mbili zilizopigana humo ndani mchana kutwa: mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Mafuta ndiyo yaliyoshinda. Yalipimwa kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa la pembeni, na harufu yake ikaingia kwenye mkate, kwenye karatasi ya gazeti iliyofungia sukari, na kwenye sweta ya mtoto aliyebeba chupa kwa kamba shingoni. Mtoto huyo hakununua akaondoka. Mwenye duka alimuuliza, “Wewe ni wa kwa nani?” hata kama alijua, na kama hakujua alitaka jibu kamili. Akamwuliza mama yuko wapi, mbona ametumwa yeye na si kakake, na mbona amechelewa. Chenji ilifungwa kwenye kona ya leso na fundo likakazwa na mwenye duka mwenyewe. Kisha likaja daftari la madeni. Iliandikwa tarehe, ikaandikwa nusu sukari, chupa moja ya mafuta, mkate, na pembeni jina la mtoto aliyechukua, ili mwisho wa mwezi mama asije akakana. Daftari hilo lililindwa kwa sababu ya pesa. Lakini litazame kwa jicho la mpelelezi, utaona kwamba ni kumbukumbu ya mienendo ya watoto wa mtaa mzima, jioni baada ya jioni, iliyoandikwa na shahidi asiyekuwa na sababu ya kudanganya. Saa haikuandikwa, lakini ilikumbukwa: kabla ya maziwa ya jioni, au matatu ya mwisho ilipokuwa ikishusha watu. Mtoto asipofika nyumbani, mama alikimbilia dirisha lile kwanza, na kabla hajamaliza kueleza alikuwa ameambiwa mtoto alivaa nini, alikuwa na nani, na alishika njia gani. Hayo matatu ni miongoni mwa mambo ambayo polisi huyauliza kwanza.

Kilichofuata hakihitaji maneno mengi. Machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, hayahitaji kuelezwa kwa mtu wa Yamumbi wala wa Kiambaa. Itoshe kusema kwamba wako waliorudi na wako ambao hawakurudi, na kwamba mtu aliyerudi alipunguza maswali kwa mtoto wa jirani. Mji nao ukafura: sensa ya 2009 ilihesabu Eldoret watu wapatao 290,000, ile ya 2019 zaidi ya 475,000, na Agosti 2024 Eldoret ikatangazwa jiji. Mashamba yakakatwa ploti, ploti zikajengwa vyumba vya kupanga, mpangaji akahama kabla mwenye duka hajalijua jina la mwanawe. M-Pesa ilikuwa imeingia Machi 2007, bodaboda zikafuata. Mama analipa akiwa kazini, mzigo unaletwa na pikipiki, na mtoto anayetumwa dukani anaonyesha ujumbe kwenye simu na kuondoka bila kufungua kinywa. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Ila shahidi ameondoka dirishani, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Nitaambiwa kwamba napamba enzi iliyokuwa na uchafu wake, na kwamba mdhulumu wa watoto mara nyingi ni mtu anayefahamika, mjomba au jirani, tena kule kujuana ndiko kulikomfichia siri. Ni kweli, na ni hoja nzito. Moi's Bridge, kwenye barabara ya Kitale, ni soko ambalo watu wake wanajuana. Hata hivyo kati ya 2019 na 2021 watoto watano walipotea mmoja baada ya mwingine na wote wakapatikana wamekufa, hadi wapelelezi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) walipomkamata mshukiwa Julai 2021 na kumfikisha mahakamani Eldoret. Macho ya mtaa hayakutosha. Lakini tuangalie vizuri hayakutosha kwa lipi. Jirani anamwona mtoto mmoja, njia moja, jioni moja. Kuviunganisha vifo vitano vikawa kesi moja ni kazi ya faili na maabara, na kwa hilo nafurahi kwamba tangu Juni 2022 nchi ina maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai katika makao makuu ya DCI. Lakini maabara hiyo lazima ipewe kitu ikichunguze. Ikiwa hakuna aliyeona mtoto akipita na nani, mpelelezi hodari kuliko wote anaanza kazi mahali ambapo mwili umepatikana, yaani mwisho wa hadithi. Kwa hiyo hoja ya Moi's Bridge inanirekebisha kwa kuniongezea jambo la pili, bila kuliondoa la kwanza.

Hoja nyingine inasema simu imechukua nafasi ya dirisha: picha ya mtoto inafika makundi mia ya WhatsApp kabla chai haijapoa. Inafika, na wapo watoto waliorudishwa nyumbani kwa njia hiyo. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure, na kila mzazi aijue kama anavyojua ya kwake. Tatizo ni kwamba kusambaza si kushuhudia. Mtu anayetuma picha hakumwona mtoto; anapitisha hofu. Nchini India mwaka 2018 watu zaidi ya 20 waliuawa na umati kwa uvumi wa watekaji watoto, na video mojawapo iliyouchochea ilikatwa kutoka kwenye filamu fupi ya Pakistan iliyotengenezwa kuwahimiza watu wawalinde watoto. Hapa kwetu, Masten Wanjala, ambaye polisi walisema amekiri kuua watoto wasiopungua kumi, alitoroka kituo cha Jogoo Road, Nairobi, tarehe 13 Oktoba 2021, na siku mbili baadaye umati ukamuua Bungoma. Naelewa hasira ile. Lakini wazazi waliokuwa wakingoja kusikia mahakamani watoto wao walichukuliwaje, wapi na saa ngapi, walizikiwa majibu siku hiyo pamoja naye. Umati hujua mtu wa kumpiga, lakini hauwezi kusema, “Mimi nilimwona akiwa na mtoto, mahali fulani, jua likiwa pale.”

Yasome matangazo ya watoto waliopotea yanayopita kwenye simu zetu. Picha ni nzuri, ya sare ya shule au ya siku ya kuzaliwa, na nambari ya mzazi iko chini kwa wino mwekundu. Mengi hayana tarehe, kwa hiyo huendelea kuzunguka hata mtoto akiwa amesharudi na kukua. Mengine hayana hata rangi ya nguo. Na pale pa kueleza alipoonekana mara ya mwisho, utakuta neno moja tu: Yamumbi, au Langas, au Huruma. Hakuna duka, hakuna njia, hakuna mtu.