Nilimpokonya Mama Chakula Chake

Nakiri bila kuzunguka: mimi ndiye niliyemharibia mama yangu tumbo, tena kwa chakula nilichonunua kwa mshahara wangu na kumwekea mezani kwa heshima zote.

Mama alihamia kwangu Dar es Salaam akitokea Dodoma, baada ya baba kufariki. Maisha yake yote alikula ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde na mboga za majani zilizokaushwa. Kwangu mimi hicho kilikuwa chakula cha shida. Nilikulia humo, na nilipoanza kupata fedha niliapa kwamba mama hatakigusa tena. Nikamwekea sembe nyeupe pe, wali, mkate laini, na juisi ya embe iliyochujwa mpaka haina hata unyuzi. Kifurushi cha unga wa mlenda alichokuja nacho nilikipandisha juu ya kabati.

Mapema kabisa aliniambia, "Mwanangu, ugali huu haukai tumboni." Nilidhani anaona haya kuomba nyongeza. Nikamwongezea tonge.

Alipoanza kufunga choo hakuniambia mimi. Mama wa kwetu hamwelezi mwanawe wa kiume habari za chooni. Alimweleza dada yangu kwa simu, na mpaka habari zinanifikia, alikuwa ameshapata bawasiri na anaogopa kula. Kwenye zahanati walipima na sukari, ikaonekana imepanda kupita kawaida. Siwezi kusema sembe peke yake ndiyo iliyoipandisha. Umri upo, na damu ya ukoo ipo. Lakini muuguzi aliponiuliza mama anakula nini, nilitaja chakula kimoja baada ya kingine na nikajisikia nikijishtaki.

Nilichokuwa nimemwondolea mama ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Nilikuwa nikiiita makapi. Nyuzinyuzi ngumu, kama za ganda la nafaka, hushika maji na kukipa choo ujazo, kikasukumwa bila kukamuliwa. Zile zinazoyeyuka, kama ute wa mlenda na bamia au zilizomo kwenye maharage, hufanya uji mzito tumboni: chakula kinachelewa kutoka, sukari inaingia kwenye damu polepole, na shibe inakaa. Baadhi yake hunasa asidi za nyongo na kuzitoa na choo, kwa hiyo ini hulazimika kutumia lehemu ya mwilini kutengeneza nyingine. Zinazofika kwenye utumbo mpana huchachushwa na bakteria, na asidi zinazotokea hapo ndizo zinazolisha kuta za utumbo. Mama hakujua maneno hayo. Alijua kwamba ugali haukai tumboni, na alisema kweli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilishaonekana jirani kabisa na kwetu. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alifanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda, walitambua kuwa magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa watu wa huku, na wakatilia mkazo nyuzinyuzi za vyakula vyetu. Mimi nilikuwa nikilipa ili nafaka ikobolewe, kisha pumba zinabaki mashineni kwa wafuga kuku.

Nikakosea mara ya pili. Nilitoka zahanati na haraka ya mtu mwenye hatia, nikanunua pumba za ngano na kumjazia mama kwenye uji, vijiko juu ya vijiko. Tumbo likajaa gesi, likauma, na choo kikazidi kugoma, kwa sababu sikumhimiza anywe maji. Muuguzi yule yule alinielekeza: ongeza kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na maji yaongezeke pamoja nazo.

Sasa mama anakula dona, kunde, matembele, na embe lenyewe badala ya juisi. Mlenda umeshuka kabatini. Mahindi ya dona tunayachambua punje kwa punje kabla ya kusaga, kwani sumukuvu ikiwepo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Choo kimekaa sawa. Sukari bado tunaifuatilia na dawa anameza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa zaidi ya gramu 10. Kwa hiyo wewe uliyemleta mzazi mjini, kabla hujambadilishia chakula, muulize alikuwa anakula nini kwake. Na kama wewe ni mtoto wa kiume, mtafute dada au shangazi amuulize habari za choo, maana wewe hatakwambia.