Hilo ni la Chai

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London akasema serikali yake inasikitika kwa mateso yaliyofanyika Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Papo hapo akaongeza kwamba kisheria hawakubali lawama. Wazee 5,228 wangelipwa, na hesabu yote, ukiweka na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Wiki hiyo Karatina nzima ilikuwa inagawanya. Kwenye matatu, sokoni, kwa kinyozi, watu wanapiga hesabu kwa kabambe zao, na kila mtu amekumbuka ghafla kwamba ana guka au shosho aliyechapwa na Mzungu.

Nilikuwa kidato cha pili. Hukumu zenyewe nimekuja kuzisoma juzi juzi tu, Nairobi, usiku, baada ya kazi. Na kilichonishika humo si pesa. Ni kovu.

Ukisikia "kesi ya Mau Mau" unadhani ubishi ulikuwa kama watu waliteswa au la. Wapi. Julai 2012 wakili wa serikali ya Uingereza alikubali mbele ya jaji kwamba Wambugu wa Nyingi, Paulo Muoka Nzili na Jane Muthoni Mara waliteswa. Nzili alihasiwa. Nyingi alipigwa kule Hola Machi 1959, siku wafungwa 11 walipouawa, akaachwa amezirai kati ya maiti. Yote hayo hawakuyapinga. Walichopinga ni kalenda: mmekuja mmechelewa.

Sheria yao inampa mtu aliyeumizwa mwili miaka mitatu kudai, ila jaji anaweza kulegeza. Oktoba 2012 Jaji McCombe alilegeza, kwa sababu wakoloni walikuwa waandishi hodari: mafaili waliyoyasafirisha kutoka Kenya yalikuwa yamelala Hanslope Park miaka yote hiyo, na mwaka 2011 ikabidi wakubali kwamba yapo. Serikali ikakata rufaa. Kabla rufaa haijaamuliwa, pande mbili zikakaa mezani, na ndipo Hague akasimama bungeni. Kwa hiyo hakuna mahakama ya rufaa iliyowahi kutamka lolote juu ya ngozi ya Mzee Nyingi.

Baada ya tangazo wakaja watu wa fomu. Kwetu walikaa chini ya mti karibu na kanisa, meza moja, kamera moja, shilingi 500 za "kufungua faili". Nilimsindikiza shosho kwa sababu mimi ndiye nilikuwa najua kusoma Kiingereza cha fomu.

Shosho alikuwa na miaka 14 mwaka 1954, mwaka ambao watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walianza kubomolewa nyumba na kusukumwa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800. Huko ndiko mdogo wake wa kiume alikufa, kwa kuhara na njaa, na akazikwa mchana, watu wakirudi kuchimba ule mtaro wa kutenga msitu wa Mlima Kenya. Usiku walinzi walikuwa wanabisha. Shosho husema "kubisha" na sauti inashuka.

Kijana wa fomu alikuwa na adabu. Akauliza, "Shosho, uko na alama?"

"Alama ziko."

Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mkono wa kushoto. Kuna kovu pale, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, jeupe, limekunjamana kama ngozi ya maziwa. Hata mimi nilikuwa nimeamini tangu utotoni kwamba ni la vita.

"Hapa walikuchoma na nini?"

"Hilo ni la chai."

Harusi ya shangazi yangu, 1978. Sufuria kubwa ya chai iliteleza kwenye mafiga.

Kijana akacheka kidogo, akainama. "Shosho, sasa daktari atajuaje?"

"Mimi najua."

Akamuuliza basi ana nini cha kuonyesha. Shosho akamwambia juu ya mdogo wake. Akamwambia juu ya kubisha, kwamba akisikia buti nje alikuwa anajikojolea, na msichana wa miaka 14 ni mtu mzima. Kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, pole pole, hiyo haina mahali kwa fomu. Shosho akachukua shilingi 500 zake mezani tukaenda nyumbani.

Niliwachukia wale watu miaka mingi. Sasa naona yule kijana aliielewa sheria mapema kuliko wengi. Wadai zaidi ya 40,000 walienda London katika kesi ya pili, na mwaka 2018 Jaji Stewart aliamua kwamba hofu peke yake si jeraha la mwili. Ule mlango wa kulegeza muda haukuwa wake. Na hata ukiwa na kovu, kulikuwa na tarehe: lililotokea kabla ya Juni 4, 1954 haliwezi kulegezewa na jaji yeyote. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Ukichapwa Mei 1954 umefungiwa nje, ukichapwa Julai unaweza kubisha hodi. Sijui ni ngozi gani huweka kumbukumbu hivyo.

Agosti 2018 akaanguka mdai wa kwanza, mtu anayejulikana kwenye hukumu kwa namba tu, TC34. Novemba, kesi nzima. Mashahidi wamekufa, alisema jaji, na baada ya zaidi ya nusu karne haki haiwezi kupimwa vizuri. Hapo mimi nakwama, kwa sababu kwa upande mmoja namwelewa. Kovu halisemi ni mkono wa nani wala mwaka gani. Mkono wa shosho wangu ungemdanganya daktari yeyote. Lakini ni nani aliyechoma sehemu ya mafaili kabla ya bendera kushushwa 1963? Na hapa kwetu, kuwa Mau Mau kulibaki kosa kisheria hadi 2003. Mzee angedai vipi mwaka 1960, au 1985, bila kujipeleka mwenyewe kituoni?

Nilimpigia shosho habari zilipotoka. Akauliza, "Na wale wenye alama?"

"Hata wao."

Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Stima ilifika kwetu 2015. Kuna hata taa mbele ya lango siku hizi. Ikifika saa kumi na mbili jioni shosho anafunga mlango, anazima ya nje, na chakula kimeshaiva. Wajukuu tukichelewa kutoka Karatina tunapiga simu kwanza, kwa sababu ukibisha bila kujitaja jina hafungui. Unasimama pale nje na unajua yuko ndani, na husikii hata pumzi.