Kuku Wangu na Uji wa Mama Lishe

Leo nawasimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda likamfaa mama mwenzangu anayejiandaa kwa safari ya mjini.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mkwe wangu kutoka hapa Mitundu kwenda kliniki ya macho Dar es Salaam. Kwa kuwa mimi ni nesi, niliamua kwamba hatutagusa chakula cha barabarani. Usiku wa kuamkia safari nikakaanga kuku, nikamfunga ndani ya hotipoti. Alfajiri tukapanda basi hadi Itigi, tukaendelea hadi Dodoma, kisha tukachukua treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024.

Usiku ulipoingia tulikuwa Kariakoo, tukapata nyumba ya wageni. Karibu na mlango mama lishe alikuwa akipakua wali na maharage ya nazi. Mama akasimama.

"Mwanangu, wali ule unafuka moshi. Tule pale."

"Hapana, Mama," nikamjibu. "Hatuijui mikono iliyoupika. Kuku wetu yupo."

Hakubisha. Tukala kuku chumbani.

Saa nane usiku Mama akaanza kutapika na kuharisha. Mimi tumbo lilinisokota tu, lakini yeye, mwenye miaka zaidi ya 70, alilegea kabisa. Nilimnywesha ORS kidogo kidogo mpaka kukapambazuka, huku nikimlilia Mungu. Nilijiuliza ningemwambia nini mume wangu. Siku ya kliniki ikapita Mama akiwa kitandani.

Asubuhi, alipopata nafuu, akaomba uji. Nikachukua kikombe, nikaenda kwa mama lishe yule yule. Safari hii nilimtazama kwa macho ya kazi yangu. Ndoo ya kunawia ilikuwa na koki, na sabuni kando. Mboga mbichi zilikatwa mbali na chakula kilichoiva. Uji ulikuwa ukitokota. Nilipomweleza shida yangu, akabandika sufuria dogo, akapika uji mwingine mwepesi, na pesa akakataa.

"Kwanza bibi apone, dada," akasema.

Niliona haya. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mambo matano ya chakula salama: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika kikaive vizuri, kukitunza katika joto linalofaa, na kutumia maji salama. Chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Hayo nawafundisha akina mama kliniki, lakini kuku wangu alikaa karibu saa 24! Mama lishe aliyatimiza; nesi ndiye aliyeshindwa.

Basi dada, ukifika mji mgeni, tafuta penye wateja wengi, hasa wenyeji, kwa kuwa hapo chakula hakilali. Chagua kinachotoka motoni mbele yako: wali maharage, supu, chapati, au mihogo ya kukaanga kama ile ya Coco Beach. Kachumbari na vinywaji vya barafu viache kama huyajui maji yake. Tazama mikono, tazama ndoo, na usiogope kuuliza kimepikwa saa ngapi.

Mama alipona, akapangiwa siku nyingine ya kliniki. Siku zote zilizobaki tulikula pale pale, na siku ya kuondoka Mama alimshika mama lishe mikono, akamwombea.

Bwana Yesu alimwomba maji mwanamke Msamaria, ambaye Wayahudi hawakutaka hata kuchangia naye chombo. Mimi nilimpita mama anayelea watoto wake kwa jasho la jikoni, nikamhukumu kabla ya kumtazama. Mungu atusaidie tutazame kwanza. Amina.