Tulipocheka Pale Izia

Jioni moja katika jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Izia, mzee mmoja aliuliza kwa mara ya tatu michango ya msiba imetumikaje. Mtu akasema, "Huyu apelekwe Mirembe!" Tulicheka wote, mafrateri tukiwemo. Mzee akachukua kofia yake, akaondoka.

Wiki ile tulikuwa tukisoma habari za Elijah Masinde wa Kimilili, Kenya, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni, iliyochoshwa na upinzani wake, ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, hadi 1947. Mtu akishaitwa kichaa, hoja yake haijibiwi tena. Masinde hakuwa rafiki yetu, maana aliwapinga wamisionari. Lakini haki si ya marafiki peke yao.

Kule Afrika Kusini, mhubiri Nontetha Nkwenkwe alifungiwa hospitali za namna hiyo tangu 1922. Wafuasi wake walitembea kwa miguu hadi Pretoria kumwona. Alifia huko mwaka 1935, akazikwa kaburi lisilo na jina. Mwaka 1998 mabaki yake yalirudishwa kwao, yakazikwa kwa heshima. Miaka 63!

Katika Kitubio tunafundishwa kwamba majuto hayatoshi, aliyeiba hurudisha. Aliyeibiwa jina na sauti arudishiwe nini? Kwanza itamkwe hadharani kwamba alidhulumiwa. Kumbukumbu za hospitali zifunguliwe, jamaa zake wafidiwe. Na lile alilolisema lisikilizwe, hata kama mwenyewe ameshafariki. Hata Bwana wetu, jamaa zake walimdhania amechanganyikiwa (Mk 3:21).

Tuligundua pia kwamba kicheko chetu kiliwakosea wawili: mzee wetu, na wagonjwa wanaotibiwa Mirembe, ambao ugonjwa wao tuliugeuza tusi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwake. "Shikamoo babu, tumekuja kuomba msamaha." Akatukaribisha ugali, kisha akasema, "Mlinicheka mbele za watu. Semeni hayo mbele za watu."

Tukayasema kwenye jumuiya, tumesimama. Ndipo mweka hazina akafungua daftari na kusoma mapato na matumizi, mstari kwa mstari. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono. Alikuwa na swali lingine. Safari hii lilijibiwa.