Takataka za Tabata Zilipohama

Sisi tuliomaliza sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katikati ya miaka ya tisini, tukiwa na nia ya kutetea mazingira, tulikuwa na hukumu moja ya kujivunia. Ni ile ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kesi iliyofunguliwa mwaka 1988. Wakazi wa Tabata walikuwa wamechoshwa na dampo la Jiji: moshi usiku kucha, uvundo, nzi wanaotua kwenye chakula cha mtoto kabla hajakitia mdomoni. Mahakama Kuu ikaamuru Jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likaomba muda. Likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 ombi la mwisho likaangukia kwa Jaji Kahwa Lugakingira, naye akalikataa, akishangaa chombo cha umma kuthubutu kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha watu. Akaifungua Katiba kwenye ibara ya 14, haki ya kuishi, akaonyesha kwamba moshi ule na uchafu ule vilikuwa vinaivunja.

Hukumu hiyo haikuwamo kwenye vitabu vya taarifa za kesi. Ilitembea kwa fotokopi, mkono kwa mkono, kutoka kwa mwalimu mpaka kwa mwanafunzi. Nakala yangu ilikuwa imefifia upande wa kushoto kiasi cha kubahatisha maneno, na mtu asiyejulikana alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya maneno ya ibara ya 14. Leo hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zimo kwenye tovuti ya TanzLII, na kijana anazisoma kwenye simu akiwa amesimama ndani ya daladala. Nafurahi kwa ajili yake. Sisi tulikuwa tunamsubiri karani wa masjala arudi kutoka chai.

Mwaka 1994 Jaji Lugakingira huyo huyo akatoa uamuzi katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Ilikuwa kesi ya siasa, haikuhusu mto wala moshi, lakini ndani yake mlikuwa na jambo lililotugusa kuliko yote: kwamba kwa ibara ya 26(2) mwananchi anaweza kwenda mahakamani kuilinda Katiba hata kama yeye mwenyewe hakuumizwa. Mtu wa Kariakoo angeweza kumsemea mvuvi wa Rufiji. Mwaka huo pia wanasheria wachache wakaanzisha LEAT, timu ya wanasheria watetezi wa mazingira, na sisi vijana tukaamini kwamba mlango umeshafunguka na kilichobaki ni kuingia.

Mshahara ndio haukuwapo. Nilipata nafasi kwa wakili mmoja mjini aliyekuwa na moyo wa kupokea kesi za wanyonge, chumba kimoja cha ghorofani, meza mbili na mashine ya kupiga chapa iliyokosa herufi moja. Wateja wa mazingira hawakuwa na cha kulipa. Walileta korosho, walileta samaki mkavu, mara nyingi walileta shukrani. Wakati huo huo mabenki yalikuwa yanabinafsishwa, mwaka 1998 ikaja Sheria ya Madini, na kampuni zikawa zinatafuta wanasheria kwa tochi. Tuliosoma nao wakaondoka mmoja mmoja. Yupo niliyemhesabu kuwa bora kuliko sisi sote, mwenye macho ya kuona kasoro ya hati kabla hujaimaliza kuisoma. Alikaa nasi kwa muda, akaoa, mwenye nyumba akapandisha kodi, naye akaenda kuandika mikataba ya wenye migodi. Simlaumu hata kidogo. Ninachosikitikia ni kwamba nchi ilimsomesha, watu wa mabondeni walimhitaji, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kumbakiza.

Safari ninayoikumbuka sana ni ya delta ya Rufiji. Mwaka 1997 serikali iliukubali mradi mkubwa wa kufuga kamba huko, ingawa wataalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, walikuwa wameshauri vinginevyo. Wananchi wakaenda mahakamani wakisaidiwa na LEAT. Mimi nilikwenda na wenzangu kuwasikiliza. Basi hadi Kibiti, gari la mizigo hadi Nyamisati, kisha chombo, tukisubiri maji yajae ili kipite kwenye vijito vya mikoko. Tope la kule linashika mguu hadi gotini. Wenyeji walitembea juu yake bila taabu, wametundika viatu mabegani.

Barazani mzee mmoja aliiweka mezani karatasi aliyoletewa siku za nyuma, akainyoosha kwa kiganja.

"Mwanangu, hapa niliambiwa nitie dole gumba. Nikatia. Sasa nisomee nilichokisema."

Ilikuwa hati ya kiapo, kwa Kiingereza, kurasa tatu. Nikamsomea kwa Kiswahili aya kwa aya. Kila aya alitikisa kichwa, mpaka nilipofika palipoelezwa kwamba mikoko ni mazalia ya samaki. Hapo akanisimamisha.

"Hilo sawa. Lakini hawakuandika kwamba boriti za nyumba hii zimetoka pale. Na kaburi la baba yangu liko pale. Hilo halina faida kwa jaji?"

Sijapata kumsikia mwalimu wa sheria akieleza ushahidi vizuri kuliko hivyo. Mabwawa yale ya kamba hayakuchimbwa, na mikoko ya Rufiji ingali msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, ingawa inazidi kukatwa kwa ajili ya mpunga na nguzo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Kiapo cha mzee yule kingeandikwa leo kama alivyokitamka, na angesahihisha mwenyewe. Naumia nikifikiri ni wangapi walitia dole gumba kabla ya hapo. Hata sasa ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira ninazokabidhiwa ni mamia ya kurasa za Kiingereza, na mwanakijiji anapewa muhtasari.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni lile la Tabata, hukumu yetu ya kujivunia.

Jiji lilipozuiwa Tabata, lilianza kumwaga taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi, ya Festo Balegele na wenzake, na mwaka 1992 Jaji Rubama akawapa haki. Taka zikaenda Vingunguti. Baadaye zikaenda Mtoni. Baadaye Pugu Kinyamwezi. Ukiwa na ramani ya jiji unaweza kuzifuata kwa kidole, na utaona zilivyokuwa zikielekea kwa watu wasio na sauti. Nilifika Vingunguti nikiwa wakili mchanga, moshi ukiwa mzito kiasi kwamba watoto wa shule walipita wameziba pua kwa kola za mashati. Mama mmoja muuza vitumbua akaniuliza kama ni kweli watu wa Tabata waliliondoa dampo lao. Nikamwambia ni kweli.

"Kwani wao walikuwa na nani?"

"Walikwenda mahakamani, mama."

Akageuza vitumbua vyake. "Basi ndiyo wakatuletea sisi."

Chuoni tulifundishwa kwamba kesi huisha kwa hukumu. Nijuavyo sasa, kwa kesi za mazingira hukumu huwa katikati ya kazi. Amri ilisema taka zisimwagwe hapa; haikusema Jiji lijenge nini, wapi, kwa fedha ipi, na nani arudi baada ya miezi sita kukagua. Kazi hiyo ya kurudi haina makofi wala magazeti. Ndiyo iliyokosa watu, na ndiyo inayokosa watu hadi leo.

Sheria yenyewe imenenepa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtambua kila mtu anayeishi Tanzania kuwa na haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Sisi tuliibana haki hiyo kutoka kwenye ibara ya uhai. Kijana wa leo anaikuta imeandikwa. Hata hivyo si kila kitu kimekwenda mbele. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya kudai haki za msingi na kumtaka mlalamikaji aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Wapo waliolipinga sharti hilo mahakamani tangu mwanzo, na niliwaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu lilimgusa mzee wa Rufiji kabla halijamgusa mtu mwingine: asiyejua pa kuanzia husemewa na mwenzake, au hasemewi kabisa.

Na njia ya kuingia kwenye kazi yenyewe imekuwa nyembamba. Mwaka 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Anayevuka hapo ana madeni, ana wazazi wanaomtazama. Akitaka mazingira, hupata mkataba wa mradi wa mfadhili. Mradi ukifungwa, naye anafunga jalada, pengine katikati ya kesi.

Juzi binti mmoja aliyemaliza hivi karibuni alinijia na chupa ya maji ya mto, wanakijiji wamemkabidhi kama ushahidi. Nilikaa naye mchana mzima. Tukaandika hatua zote: chupa safi mpya, kasha la barafu, lakiri, saa na mahali, saini ya mwenyekiti wa kitongoji aliyeshuhudia, nani aliibeba na kwa gari gani mpaka maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Bila mlolongo huo, wakili wa upande wa pili ataimwaga chupa hiyo kwa swali moja tu. Binti alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi nikiwa na umri wake. Kisha akaniuliza gharama ya vipimo itatoka wapi, na nauli ya kurudi kijijini. Ndiyo maswali niliyokuwa nayo mimi.

Kwa hiyo nasema na mawakili wenzangu mlio na ofisi zilizosimama, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya: mchukueni kijana mmoja, mmoja tu, mumwache afanye kesi za mazingira huku mkimlipa kama mnavyowalipa wale wa mikataba. Mlipieni vipimo. Mlipieni nauli ya kwenda kijijini, na hukumu ikishatoka, mlipieni nauli ya kurudi kuangalia kama imetekelezwa.